Kihisi cha joto kinachoishi kwa mwanga wa taa: seli za sola za kikaboni katika duka la dawa, Lamu

Maboksi mengi ya dawa yameandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 30", mengine 25. Msimu wa kaskazi ukikaza, chumba cha nyuma cha duka katika mji wa kale kinaweza kuvuka kiwango hicho bila mtu kujua, kwa sababu kipimajoto cha betri ya kitufe kilikata roho zamani na hakuna aliyekumbuka kukibadilishia. Mwongozo huu ni wa kutengeneza kihisi kisichobadilishwa betri. Kinapima joto na unyevu kila dakika 5, kinaonyesha kwenye skrini ya karatasi ya kielektroniki, na kinatuma namba kwa simu kupitia Bluetooth. Chakula chake ni taa zilezile za dukani.

Kifaa hiki hakifai kwa friji ya chanjo. Humo ndani ni giza, na chanjo zina vifaa vyake maalumu.

Kwa nini si paneli ya kawaida

Paneli ya silikoni iliyo juu ya paa imetengenezewa jua. Jua kali la adhuhuri lina luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kama 100,000, ilhali ukuta nyuma ya kaunta yenye taa za LED una luksi 200 hadi 500. Tena mwanga wenyewe si wa aina moja. Karibu nusu ya nishati ya jua huja kama miale ya infraredi isiyoonekana kwa jicho, na silikoni, ambayo pengo lake la nishati (nishati ya chini kabisa ambayo chembe ya mwanga iwe nayo ili seli iivune, hupimwa kwa elektronivolti, eV) ni eV 1.12, huvuna sehemu ya miale hiyo. Taa ya LED haitoi infraredi ya maana. Karibu mwanga wake wote uko kati ya nanomita 400 na 700. Kwa mwanga wa namna hiyo, pengo linalofaa ni kama eV 1.8 hadi 1.9.

Kuna na jambo la uvujaji. Kila seli ina vijinjia ambamo umeme hupotelea ndani kwa ndani. Juani uvujaji huo ni tone kutoka pipani. Chumbani, mavuno yenyewe ni matone. Ndiyo maana kipande cha paneli ya kawaida, kizuri kabisa nje, huonyesha volti chache mno kikiingizwa ndani.

Seli za kikaboni hutengenezwa kwa polima na molekuli za kaboni zinazopitisha umeme, zikachapwa juu ya filamu ya plastiki kama wino. Mkemia anaweza kuichezea molekuli hadi pengo likaangukia pale anapotaka. Mwaka 2019 watafiti wa Beijing walitangaza seli ya sentimita mraba 1, yenye pengo la eV 1.80, iliyogeuza asilimia 26.1 ya mwanga wa LED wa luksi 1000 kuwa umeme. Hiyo ni namba ya maabara. Kwa moduli ya kununua, yaani seli kadhaa zilizounganishwa kwenye kipande kimoja, panga kwa asilimia 12, kisha upime yako mwenyewe. Epishine ya Uswidi na Dracula Technologies ya Ufaransa ni miongoni mwa wanaozichapa kwa ajili ya matumizi ya ndani.

Ukishindwa kuagiza, usikwame. Silikoni isiyo na fuwele, ile ya kwenye kalkuleta, ina pengo la karibu eV 1.7, na hatua zote zilizo hapa chini zinakwenda nayo vilevile.

Hatua ya 1: Pima mwanga kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Jicho hudanganya: chumba cha luksi 100 na cha luksi 400 vyote huonekana "vina mwanga". Tumia kipimaluksi halisi. Programu za simu zinaweza kukosea hadi maradufu, na katika simu nyingine zinakisia tu kupitia kamera.

Kipime pale pale moduli itakapokaa, uso wake ukitazama upande uleule ambao moduli itatazama. Ukilaza kipimaluksi juu ya kaunta ukasoma 600, ukuta wima wa nyuma yake mara nyingi utakupa nusu au theluthi ya hapo. Jitenge usikizibe. Pima saa 3 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku, kwa siku mbili, moja wapo duka likiwa limejaa wateja. Andika pia taa huwashwa saa ngapi na huzimwa saa ngapi. Kisha fanya hesabu kwa kipimo cha chini kabisa.

Nyumba za mawe za Lamu zina tabia zake. Kuta ni nene, madirisha machache, na mwanga wa mchana hushuka kutoka kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) au huingilia mlangoni, kwa hiyo hatua mbili kuelekea ndani zinatosha kuushusha vibaya. Usiuhesabu kabisa, hesabu taa peke yake, mwanga wa mchana uwe bakshishi. Chokaa nyeupe ni rafiki mkubwa, kwani hurudisha mwanga mwingi. Mwenye duka akipaka ukuta rangi ya samawati iliyokoza, pima upya. Na kidaka, kile kishubaka cha ukutani, ijapokuwa kinapendeza kuweka kifaa, ni pango: kingo zake hukata mwanga wa pembeni.

Chini ya luksi 100, achana na mpango huu au sogeza moduli kwa waya hadi karibu na taa. Kati ya 100 na 200, jenga bila skrini. Kwa 200 skrini ibadilike mara moja kwa saa. Kwa 300 na kuendelea, fuata hesabu ya hapa chini.

(Wanaotaka kutumia kifaa hiki kwenye kabati la miswada ya kale wafahamu kwamba karatasi na nguo za zamani hazitakiwi kuzidi luksi 50. Humo ingiza kihisi peke yake, moduli ibaki nje.)

Hatua ya 2: Hesabu ya siku moja

Mwanga wa LED wa luksi 1000 una nguvu ya takriban mikrowati 300 kwa kila sentimita mraba. Luksi 300 basi ni kama mikrowati 90 hivi. Asilimia 12 yake ni 11. Saketi ya kuchaji nayo hula sehemu yake, zikabaki kama 8. Moduli yenye eneo linalofanya kazi la sentimita mraba 20 (toa kingo zisizo na seli) inatoa mikrowati 160. Taa zikiwaka saa 12, unavuna juli 6.9 kwa siku.

Matumizi, kwa siku moja:

- kichakato (chipu ya bodi ya Bluetooth inayoendesha kifaa) kikiwa kimelala, mikrowati 9: juli 0.78
- saketi ya kuchaji yenyewe: 0.13
- kupima mara 288: 0.06
- kutangaza kwa Bluetooth kila sekunde 10: 0.52
- skrini ya inchi 2.13, mara 48 kwa milijuli 53 kila mara: 2.54
- uvujaji wa superkapasita (kihifadhi umeme kinachoshika nafasi ya betri): 0.6

Jumla ni 4.63. Inabaki juli 2.3 ya ziada, na isipungue hapo, maana taa huzeeka na vumbi halikosi.

Itazame ile skrini. Inasifiwa kwamba haili umeme, na ni kweli inapotulia. Kubadilisha picha ndiko kunakokula. Ukiiacha ibadilike kila kipimo, yaani mara 288, itataka juli 15 kwa siku peke yake, zaidi ya mara mbili ya mavuno yote. Nusu saa inatosha. Programu ya kichakato iandikwe hivi: skrini ibadilike kila dakika 30, au papo hapo joto linapovuka nyuzi 30. Bluetooth nayo, kutangaza kila sekunde 1 badala ya 10 hugeuza 0.52 kuwa 5.2. Simu itasubiri kidogo kabla ya kukiona kifaa, na isubiri.

Hatua ya 3: Vifaa

Moduli ya kikaboni yenye seli kama 6 zilizofuatana, sentimita mraba 20 au zaidi. Bodi ya kuchaji yenye IC (chipu) ya BQ25570. Superkapasita ya volti 5.5, faradi 1.5. Bodi ndogo ya Bluetooth ya hali ya chini ya umeme, na hakikisha haina taa ya LED inayowaka muda wote. Kama inayo, ing'oe, kwa kuwa taa hiyo moja hunywa kuliko vyote vilivyoorodheshwa hapo juu. Kihisi cha joto na unyevu cha kidijitali. Skrini ya inchi 2.13. Rezista za asilimia 1 zilizotajwa hapa chini, rezista ya omu 100 ya nusu wati, kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 100, kiunganishi cha pini mbili, utepe wa kunata unaopitisha umeme, spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na vanishi ya kufunika bodi.

IC yenyewe ni ndogo ya milimita 3.5 kwa 3.5, miguu yake iko chini ya tumbo. Usijaribu kuilehemu kwa mkono. Nunua bodi iliyokwisha kutengenezwa.

Hatua ya 4: Rekebisha bodi ya kuchaji

Bodi nyingi huja zimepangiwa betri ya lithiamu, na wengi huziunganisha hivyohivyo. Kagua thamani hizi za rezista, na ubadilishe zisizolingana (zote ni megaomu):

- kikomo cha juu cha chaji: ROV1 4.99, ROV2 8.06. Inasimama karibu volti 4.75.
- kuwasha na kuzima mzigo (yaani kichakato, kihisi na skrini): ROK1 4.99, ROK2 6.49, ROK3 1.62. Mzigo unazimwa volti 2.78, unawashwa tena 3.18.
- umeme wa kutoka: ROUT1 6.19, ROUT2 6.65. Volti 2.5.

Unganisha pini za VBAT_OK na VOUT_EN ili IC iweze kukata mzigo yenyewe. Ile nafasi kati ya 2.78 na 3.18 ina kazi: bila hiyo kifaa kitawaka, kivute volti chini, kizimike, volti zipande, kiwake tena, usiku kucha, na kila kuwaka kunakula zaidi ya kulala.

Pini ya VOC_SAMP iunganishwe na VSTOR, pini yenye volti za hifadhi. Hapo IC hupima volti za moduli isiyo na mzigo kila sekunde 16, kisha hufanya kazi kwenye asilimia 80 yake, ambapo seli hizi hutoa karibu na kilele chao. Pini hiyo ikiwa kwenye ardhi, IC itatumia asilimia 50, na utapoteza sehemu kubwa ya mavuno bila dalili yoyote ya kuonekana. Usiongeze diodi kati ya moduli na bodi. IC inazuia umeme kurudi nyuma, na diodi itakula bure.

Sasa jambo la pwani. Rezista za megaomu 13 kwa jumla zinapitisha umeme mdogo kiasi kwamba mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia), jasho la kidole au utando wa chumvi huwa rezista ya pili sambamba nazo. Vikomo vyote huhama. Bodi iliyofanya kazi vizuri mezani Nairobi hufika Lamu ikaanza kukata chaji kwenye volti 4.2, na fundi akalaumu seli. Safisha kwa spiriti na mswaki laini, kausha kwa saa kadhaa mahali pakavu, kisha paka vanishi mara mbili, ukiacha wazi viunganishi. Na usipime katikati ya rezista hizo kwa mita: mita ya megaomu 10 nayo ni rezista, utasoma uongo. Pima VSTOR.

Hatua ya 5: Moduli

Kabla ya yote, ipime. Iweke chini ya taa mahali pa luksi 300, usome volti bila mzigo, kisha mikroampea ukiunganisha mita moja kwa moja kwenye ncha zake. Moduli ya seli 6 na sentimita mraba 20 inatarajiwa karibu volti 3.8 na mikroampea 100. Rudia kwa luksi 50. Andika namba zote nne pamoja na tarehe nyuma ya moduli kwa kalamu isiyofutika. Utazihitaji.

Usiilehemu. Filamu ya plastiki huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na chuma cha kulehemu kina 350. Shika ncha kwa utepe unaopitisha umeme au kibanio, halafu waya uende kwenye kiunganishi cha pini mbili ili siku moja moduli iweze kutolewa.

Usiikate ili itoshee boksi. Adui wa seli hizi ni maji na oksijeni, na ukingo uliofungwa kiwandani ndio ukuta wao. Kuipitisha kwenye mashine ya laminesheni ya duka la fotokopi hakusaidii: plastiki ile hupitisha mvuke wa maji kwa wingi mno kwa kazi hii, na joto la mashine linaweza kuiharibu moduli siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Chaji ya kwanza

Superkapasita tupu isiunganishwe na bodi ukategemea taa iijaze. Ikiwa tupu huivuta VSTOR chini, IC inarudi kwenye hali ya kuanza baridi, ambayo ni dhaifu, na inaweza kuzunguka hapo siku nzima.

Ijaze kwanza kwa chaja ya USB ya volti 5 kupitia rezista ya omu 100. Baada ya dakika 6 hadi 8 itafika volti 4.5, ondoa. Acha nusu saa, utaona volti zimeshuka. Hilo ni kawaida: chaji inaendelea kupenya kwenye vinyweleo vya kaboni. Jaza tena, na rudia kesho yake. Superkapasita mpya huvuja zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo usiihukumu kabla ya hapo.

Kutoka volti 4.75 hadi 2.78 kuna juli 11, sawa na siku mbili na ushei bila taa. Inatosha umeme ukikatika usiku kucha, au duka likifungwa kwa Idi. Kwa muda mrefu zaidi, programu iisimamishe skrini volti zikishuka chini ya 3.6.

Superkapasita za umbo la sarafu zina ukinzani wa ndani ambao unaweza kufika makumi ya omu, hivyo skrini inapovuta milliampea 10 volti huinama ghafla. Ile kapasita ya mikrofaradi 100 iwekwe kwenye umeme wa kutoka, karibu na skrini, kupunguza mshtuko huo.

Hatua ya 7: Kufunga ukutani

Moduli iinamishwe nyuzi 30 hadi 45 kuelekea taa; kipande cha mbao kilichochongwa mshazari kinatosha, na faida yake utaiona kwenye kipimaluksi palepale.

Angalia vivuli. Seli zimefuatana kama watu waliobeba mtumbwi: mmoja akilegea, wote wanasimama. Boksi la dawa likifunika ukanda mmoja tu kati ya sita, umeme wa moduli nzima hushuka. Geuza moduli ili kivuli cha rafu, kama hakiepukiki, kipite juu ya kanda zote sawasawa badala ya kuzima mmoja.

Isipigwe na jua la moja kwa moja, hata la saa moja kupitia mlangoni. Mionzi ya urujuanimno na joto huzichosha molekuli, na moduli ya ndani haikutengenezewa hilo. Dirishani ndipo watu wote hutaka kuiweka, na dirishani ndipo hufa upesi.

Kihisi cha joto kikae nje ya boksi au kwenye matundu yanayotazama chini, kwa kimo cha rafu zenye dawa, mbali na mgongo wa friji na mbali na ukuta unaochomwa na jua la alasiri. Kuhusu simu: ukuta mnene wa mawe unadhoofisha Bluetooth sana. Kama simu inakaa chumba cha pili, weka kifaa mkabala wa mlango.

Kikigoma

Kinazimika alfajiri kila siku. Pima VSTOR wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Kwa saa 12 za giza, kutoka volti 4.5 itarajie kushuka hadi 4.15 hivi. Ikishuka chini ya 4.0, ng'oa bodi ya Bluetooth usiku mmoja upime tena. Kushuka kukipungua sana, kichakato hakilali kweli, na kosa liko kwenye programu. Kusipopungua, ni superkapasita au bodi chafu.

Volti hazipandi mchana ijapokuwa moduli ni nzima: angalia VOC_SAMP, kisha usafi wa bodi. Baada ya hapo pima luksi tena. Mara nyingi mtu amebadilisha taa, au ametundika kalenda.

Mavuno yanapungua mwezi hadi mwezi. Pangusa moduli kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, bila spiriti wala thina, kisha rudia vipimo vyako vinne vya mwanzo. Mikroampea zikiwa zimeshuka zaidi ya asilimia 20 huku volti zikibaki palepale, rangi ya seli inayonasa mwanga imefifia. Tafuta jua linakoingilia. Volti za luksi 300 zikiwa sawa lakini za luksi 50 zimeanguka, kuna uvujaji mpya ndani ya seli. Kagua kingo kwa kuinua moduli mbele ya taa: madoa au mabadiliko ya rangi yanayoanzia ukingoni ni unyevu umekwisha kuingia. Moduli ya namna hiyo haitengenezeki. Chomoa kiunganishi, weka nyingine, pima, na uandike namba na tarehe mpya nyuma yake.